Tanuri la Nyumbani: Moto wa Juu na Moto wa Chini



Wazee wetu walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu aonapo mkate umewekwa mezani, ganda lake jekundu na ndani mweupe kama pamba, aghalabu haulizi umetokaje motoni. Huukata, akaula, akasahau. Jioni hii nataka tuugeuze mkate huo tuutazame chini yake, maana chini ya mkate ndipo zilipoandikwa khabari zote za mwokaji: kama alikuwa na haraka, kama moto wake ulikuwa mkali, kama alijua kazi yake au alikuwa akibahatisha.

Huenda mtu mmoja huko mnakosikiliza amekwisha kumwambia mwenzake, "Mwalimu huyu wa chuo ana nini na mambo ya jikoni?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu, na masomo yangu ni hesabu na sayansi. Kwa miaka mingi nilidhani jiko ni jambo lisilonihusu. Aliyenifunza kwamba jiko na darasa ni nyumba moja ni dada yangu, naye alinifunza kwa njia ngumu.

Dada yangu aliolewa katika mji mmoja wa bara, penye baridi na mvua nyingi. Mumewe alipofariki alibaki na watoto watatu na chumba kimoja cha kupanga. Akaamua kuoka mikate ya kuuza. Alikopa fedha, akanunua gunia la unga wa ngano, akamwita fundi wa bati amtengenezee tanuri la makaa. Baada ya mwezi mmoja aliniletea barua fupi: "Kaka, mikate yaungua chini, na katikati ni mibichi. Wateja wanairudisha. Unga wakaribia kwisha na deni lingalipo. Kama wajua lolote, njoo." Shule zilipofungwa nilipanda gari nikaenda. Yaliyonipata huko nitayaeleza mwishoni. Kwanza tuseme juu ya moto wenyewe.

JOTO LAINGIAJE KATIKA CHAKULA?

Joto huingia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kugusana: chini ya mkate pamegusa bati, na bati limegusa moto. Njia ya pili ni hewa ya moto inayozunguka ndani ya tanuri. Njia ya tatu ni miali, kama miali ya jua: kuta za tanuri zikipata moto sana hutupa joto lake juu ya chakula bila kukigusa. Tanuri jema ni lile ambalo njia hizi tatu zimepatana. Mkate ukiungua chini na kuwa mweupe juu, jua kwamba njia ya kwanza imezidi wenzake.

Nilipolitazama tanuri la dada yangu, niliona makaa yote yamewekwa chini, wala juu hapakuwa na hata kaa moja. Nikamwuliza, "Dada, wakumbuka mama alivyokuwa akipika mkate wa kumimina?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Sisi tulizaliwa pwani, na mama yetu alikuwa akimimina rojo la unga wa mchele na tui katika sufuria, akaifunika kwa kifuniko cha bati, akapalia moto juu yake. Makaa ya chini aliyapunguza, ya juu akayazidisha. Mama hakusoma sayansi, lakini alijua kwamba joto la chini hupanda lenyewe, na la juu halishuki kwa urahisi, basi hapana budi lile la juu liongezwe.

Kanuni yake ni hii, nayo yafaa kwa sufuria, kwa debe, na kwa tanuri dogo la makaa: yagawe makaa yako mafungu matatu, mawili yaweke juu, moja liweke chini. Tangu siku ile mikate ya dada yangu haikuungua tena chini.

Jambo la pili ni hili. Ndani ya mkate mna maji, na maji hayapiti digrii 100 za Celsius kabla ya kugeuka mvuke. Kwa hiyo katikati ya mkate hapapiti kiasi hicho hata ukiweka moto wa kuyeyusha chuma. Ganda la nje ndilo likaukalo na kupanda zaidi, na lifikapo digrii 140 hivi huanza kuwa jekundu na kutoa harufu ile inayowaita watoto kutoka michezoni. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, aliyaeleza mageuzi hayo mwaka 1912, na mpaka leo yaitwa kwa jina lake. Fundisho lake kwetu ni jepesi: ukiuzidisha moto ili mkate uive upesi, ganda litaungua kabla joto halijafika katikati. Haraka haraka haina baraka.

KIPIMO CHA JOTO

Watu wengi huniambia, "Tanuri langu ni kali," au, "Tanuri langu ni baridi." Maneno hayo hayatoshi. Kaki za mayai hutaka digrii 170 hata 180. Kuku hutaka 190 hivi. Mkate wa ngano hutaka 200 hata 220. Ukikuta kitabu kilichoandikwa kwa kipimo cha Fahrenheit usifadhaike; toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Basi 350 za kitabu hicho ni 177 zetu, na 400 ni 204.

Mwenye tanuri la gesi au la umeme asidhani ameokoka kwa kuwa lake lina tarakimu mlangoni. Tarakimu zaweza kudanganya. Kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya tanuri hakina bei kubwa, nacho humwokoa mtu na hasara nyingi. Asiye nacho na ajaribu hivi: anyunyize kijiko cha unga mkavu juu ya bati, alitie tanurini, ahesabu dakika 5. Unga ukibaki mweupe, tanuri halijawa tayari. Ukiwa wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, joto ni la kiasi, lafaa kaki. Ukiwa mwekundu wa kukolea, lafaa mkate. Ukiwa mweusi, toa makaa, ungoje.

Tena, tanuri ni shuruti lipate moto kabla ya chakula kuingia. Lipe dakika 20, na la makaa zaidi ya hapo. Na likisha kupata moto, usiufungue mlango kila mara ili kuchungulia. Kila uufunguapo, hewa ya moto hutoka yote kwa mara moja, na kaki ambayo haijashikamana hushuka katikati kama paa la nyumba iliyovunjika boriti. Ngoja angalau theluthi mbili za wakati wake zipite.

Angalia na vyombo vyako. Bati jeusi hunywa miali ya joto, na bati linalong'aa huirudisha. Kwa hiyo mikate miwili ya unga mmoja, katika tanuri moja, yaweza kutoka mmoja mwekundu na mmoja mweupe, na kosa si la mwokaji wala la unga.

TANURI LA DEBE

Asiye na tanuri aweza kujitengenezea kwa debe la lita 20. Chagua debe lililokuwa la mafuta ya kula. Debe lililotiwa rangi, au dawa ya wadudu, usilitumie kamwe. Wala bati lililopakwa zinki lisikaribie moto mkali, kwa kuwa moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Kata upande mmoja wa juu uwe mlango. Lioshe, kisha lichome tupu nje mpaka harufu yote iishe.

Lilaze kwa ubavu juu ya mawe matatu. Likande nje kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu, unene wa vidole viwili, lakini ubavu wa juu na wa chini uache wazi, ili moto upite. Ndani yake, chini, tandaza mchanga mkavu wa unene wa kidole kimoja. Mchanga huo hupunguza ukali wa moto wa chini. Juu ya mchanga weka mawe madogo manne na wavu wa chuma, ili mkate usiguse mchanga. Makaa yaweke kama nilivyosema, fungu moja chini na mawili juu. Fundi hana haja ya kuitwa.

MKATE

Sasa unga. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano tumia maji kiasi cha mililita 600, chumvi vijiko 3 vya chai, na hamira kavu vijiko 3 vya chai. Sukari kidogo na kijiko cha samli si lazima, lakini huulainisha mkate. Hamira ni kitu chenye uhai, kama Louis Pasteur alivyothibitisha katika miaka ya 1850. Hula sukari iliyomo katika unga, ikatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iumuayo donge. Kwa kuwa ni hai, hufa. Maji ya moto wa digrii 60 huiua. Maji yawe na uvuguvugu kama wa kumwoshea mtoto mchanga, basi.

Kanda dakika 10 kamili, mpaka donge liwe laini na liuache mkono wenyewe. Lifunike kwa kitambaa kilicholowana, ulingoje lifikie mara mbili ya kiasi chake. Usiniulize ni saa ngapi. Pwani, kwenye joto, huenda likawa tayari kabla ya saa moja kwisha; bara, wakati wa baridi, laweza kutaka saa mbili. Tena, kwenye nchi za juu kama Nairobi, palipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na maji huchemka kwa digrii 94 hivi badala ya 100. Hapo donge likisha kupata uvuguvugu hupanda upesi kuliko pwani. Basi litazame donge, usitazame saa. Libonyeze kwa kidole: shimo likirudi upesi, bado, likirudi polepole, ni wakati wake, lisiporudi kabisa, umechelewa.

Ligawe mafungu matatu, liviringe, litie katika mabati yaliyopakwa mafuta, liumuke tena nusu saa au zaidi. Oka dakika 35. Kisha utoe mkate, uugeuze, uugonge chini kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Ukilia kama ubao uliolowana, urudishe. Wala usiukate ungali wa moto, kwa maana ndani bado waiva kwa mvuke wake. Ngoja saa moja, ingawa watoto watanung'unika.

NYAMA TANURINI, NA NYAMA JUU YA MAKAA

Kuku mchanga wa kilo moja na nusu hutaka saa moja na robo hata saa moja na nusu kwa digrii 190. Mpake samli na chumvi, mzungushie viazi, na kila baada ya nusu saa mmwagie mafuta yake mwenyewe. Ameiva kwa usalama pale joto la ndani ya paja, karibu na mfupa, lifikapo digrii 74. Asiye na kipimo na akate penye kiungo cha paja. Nyama ikiwa ya waridi na maji yake ni mekundu, na arudishwe. Akisha kutoka, mwache apumzike robo saa kabla ya kukatwa, maji yake yatulie, yasimwagike yote sahanini.

Lakini jogoo wa kienyeji aliyezeeka uani si kuku wa kuokwa kwa haraka. Huyo mtie katika chombo chenye kifuniko, pamoja na maji kikombe kimoja, kitunguu na tangawizi, umwache katika moto wa digrii 150 hata 160 kwa saa mbili au zaidi. Mwishoni toa kifuniko apate rangi.

Kubanika ni jambo jingine. Hapo hatutumii hewa ya tanuri ila miali ya makaa. Kosa la wengi ni kubanika juu ya ndimi za moto. Ngoja makaa yavae majivu meupe. Weka kiganja chako juu ya wavu kwa kimo cha nyama ilivyo: ukiweza kuvumilia kuhesabu mbili au tatu tu, moto ni mkali, wafaa mishikaki, ukihesabu tano au sita, ni wa kiasi, wafaa samaki na mapaja ya kuku. Yasogeze makaa upande mmoja wa jiko, na upande wa pili uache mtupu, ili mafuta yakidondoka na moto ukiruka upate mahali pa kuikimbizia nyama.

Nyama ngumu ya mishikaki watu wa pwani huipaka papai bichi lililosagwa, maana utomvu wake huzilegeza nyuzi za nyama. Saa moja yatosha. Ukiilaza nayo usiku kucha utaikuta imekuwa uji. Samaki wa kupaka mbanike kwanza mpaka akaribie kuiva, ndipo umpake tui zito lenye pilipili, kitunguu thomu na ndimu. Ukimpaka mapema, tui litaungua na samaki angali mbichi. Tena upake mafuta wavu, usimgeuze samaki mpaka ngozi yake iachane na chuma yenyewe.

HEWA ISIYOONEKANA

Sasa narudi kwa dada yangu, kwa maana niliahidi.

Tulipokwisha kutengeneza moto wa juu na wa chini, tulifurahi sana. Mikate ilitoka mizuri. Tanuri lilikuwa mle mle chumbani, na kwa sababu ya mvua na baridi, mlango ulifungwa, dirisha likazibwa kwa gunia, ili donge liumuke vema. Mimi nililala hapo usiku wa kwanza. Asubuhi niliamka kichwa kikiniuma, nikasema, "Ni uchovu wa safari." Dada yangu akasema naye aumwa na kichwa kila asubuhi, na mtoto wa mwisho hutapika, akadhani ni malaria, walakini kila ifikapo adhuhuri, wakiwa nje, wote hupona. Nikayasikia maneno hayo, nikanywa chai.

Mabibi na mabwana, mwaka ule ule nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, nikawaandikia wanafunzi wangu kwa chaki kwamba makaa yanapowaka, khasa penye hewa haba, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Kwamba haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Kwamba hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu isiweze kuchukua hewa ya uzima. Kwamba dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika. Niliyaandika, nikayafuta, nikapiga kengele. Na hapo chumbani nilizikuta dalili zote, moja baada ya moja, wala sikuzitambua.

Usiku wa pili tulioka tena. Alfajiri dada yangu alimwamsha mtoto yule wa mwisho, wa miaka minne, asiamke. Alimwita, akamtikisa, kichwa kikalegea. Ndipo nilipoukumbuka ubao. Nilisimama nikayumba, nikaupiga mlango kwa bega, nikambeba mtoto mpaka nje kwenye mvua, na dada yangu akawatoa wenzake. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Wakampa oksijeni. Jua lilipokuwa juu alifumbua macho akaomba maji. Nimesikia maneno mengi mema maishani mwangu, lakini hakuna lililonipendeza kama lile neno "maji".

Kwa hiyo nawasihi kwa mambo matatu. La kwanza: jiko la makaa au tanuri la makaa lisiwake kamwe katika chumba kilichofungwa, wala lisiachwe liwake mahali wanapolala watu, hata kama ni baridi, hata kama makaa yaonekana yamekufa. Kipenyo kidogo cha dirisha hakitoshi. Mahali pake ni nje, au chini ya banda lenye pande zilizo wazi. La pili: mwenye gesi na autazame mwali wake. Uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, hauwaki sawasawa. Mwite fundi, na dirisha liwe wazi. La tatu: watu wa nyumba moja wakiumwa na vichwa pamoja, wakapona watokapo nje, msingoje. Tokeni wote kwenye hewa, kisha mwendeni hospitali, mkamweleze mganga kwamba palikuwa na makaa.

Siku ile ile tulilitoa tanuri uani, tukalijengea banda la makuti ya migomba na bati mbili kuukuu, mbali na ukuta. Dada yangu alilipa deni lake kwa muda wa miezi saba. Mtoto yule sasa yuko shuleni, na kazi yake kila Jumamosi ni kuugonga mkate chini na kumwambia mama yake kama unalia ngoma au ubao.

Nami nirudipo darasani na kufika kwenye somo lile la makaa, siandiki kwanza ubaoni. Huwaambia wanafunzi wangu wafungue madirisha yote, kisha nawasimulia khabari hii.